Pesa za kampeni zisizopita benki: afisa huanzia wapi?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mhasibu, nina CPA na miaka minne katika sacco hapa Kakamega. Wakati wa uchaguzi mdogo wa Malava, Novemba 2025, nilijikuta nikihesabu magari, matenti na fulana, nikajiuliza ni nani anayeandika hesabu hiyo kwa niaba ya mwananchi. Ningependa kuifanya kazi hiyo. Naomba unieleze: sheria ya pesa za kampeni ya 2013 inafanya kazi au ni jina tu? Mgombea akitumia pesa taslimu bila kupitisha hata senti benki, afisa huthibitishaje alichotumia? Na wale wanaoingia kwa wabunge kushawishi miswada, kuna anayewaandikisha?

JIBU: Dada yangu, asante kwa kuuliza. Miaka yangu mingi imepita nikikagua hesabu za vyama na kuandaa faili za uchunguzi, sehemu kubwa nikiwa Kisumu, na ni nadra mhasibu kijana kuniuliza kuhusu kazi hii. Wengi huuliza kuhusu benki na kodi.

Sheria ipo. Ni Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi, nambari 42 ya mwaka 2013, na mzizi wake uko katika Katiba, kifungu cha 88(4)(i), kinachoipa IEBC, tume yetu ya uchaguzi, jukumu la kudhibiti pesa zinazotumiwa na mgombea au chama, au kwa niaba yao. Yashike maneno hayo, "kwa niaba yao". Tutayarudia.

Ila sheria hiyo haijawahi kusimamia uchaguzi mkuu hata mmoja. Bunge liliahirisha utekelezaji wake hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Kisha, Agosti 2021, IEBC ikachapisha viwango vya matumizi katika gazeti rasmi la serikali, mgombea urais akiwekewa kikomo cha shilingi bilioni 4.4. Bunge la Taifa likasema viwango hivyo havina nguvu kwa kuwa kanuni zake hazikuwa zimepitishwa na wabunge. Tukapiga kura tarehe 9 Agosti 2022 bila kikomo chochote. Kama mhasibu unajua maana yake: huwezi kumwambia mtu amezidisha bajeti ambayo hakuna aliyeiidhinisha. Tena sheria yenyewe inataka viwango vitangazwe angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027, mwisho wa kutangaza ni Agosti 2026. Tangazo lolote lenye tarehe ya baada ya hapo litampa wakili wa mgombea kazi rahisi sana kortini. Mimi huona uchungu kila mara ninapoeleza historia hii, kwa sababu wanaoombwa kupitisha kanuni ndio hao hao watakaobanwa nazo.

Sasa tuje kwenye swali lako la pili, ambalo ndilo kazi yenyewe.

Wengi hudhani uchunguzi wa pesa za kampeni huanzia kwenye akaunti. Ukianzia huko utakesha. Pesa taslimu hazina taarifa ya benki, na za M-Pesa hugawanywa kwa nambari za vijana wa mashinani, kila mmoja akipokea kiasi kidogo kisichomshtua mtu. Anzia kwenye vitu. Kampeni haiwezi kujificha, maana ikijificha haipati kura. Mgombea anaweza kuficha bahasha, lakini hawezi kuficha tenti.

Tuseme kuna mkutano mmoja sokoni Lubao. Unafika mapema, kabla ya mheshimiwa, wakati watu wa matenti wanafunga kamba. Unahesabu: matenti 20, na bei ya kukodi mtaani ni 2,500 kila moja, hiyo ni 50,000. Viti 1,500 kwa shilingi 20, ni 30,000. Spika na jenereta, 40,000. Pikapu tatu za matangazo, mafuta na dereva 8,000 kila moja, ni 24,000. Boda boda 100 zilizowekewa mafuta ya 300, ni 30,000. Fulana 800 kwa 350, ni 280,000. Jumla ni 454,000 kwa alasiri moja. Bei hizi ni za mfano tu. Katika kazi halisi utaziokota kwa wakodishaji watatu tofauti na kutumia ile ya katikati, ili asije mtu kusema ulichagua ya juu kumwonea.

Sasa mgombea awasilishe hesabu inayosema mkutano uligharimu 120,000. Je, amevunja sheria? Bado. Tofauti hiyo ni swali la kuuliza, haijawa shtaka. Pengine matenti yaliletwa na rafiki yake, na fulana zilitoka makao makuu ya chama. Hapo ndipo yale maneno "kwa niaba yao" yanapoingia. Mchango wa vitu ni mchango. Tenti ya bure ina bei yake ya soko, na anayeitoa ni mfadhili anayestahili kuandikwa jina. Maafisa wengi wapya hukosea hapa kwa kukimbilia kumshtaki mgombea, kumbe jambo lenye uzito zaidi ni huyo mwenye matenti 20 ambaye miezi sita baadaye anapata zabuni ya kaunti. Hesabu yako ya viti na fulana ndiyo inayokuonyesha mlango wake.

Ukishajua vitu, watafute wanaodai. Katika kampeni anayelipa hataki karatasi, lakini anayedai huitunza kama cheti cha kuzaliwa. Mafuta ya boda hayalipwi taslimu kwa kila mwendeshaji. Kituo cha mafuta hupewa orodha au vikaratasi vyenye sahihi, kinajaza tangi, kisha kinasubiri kulipwa. Meneja wa kituo anazo karatasi zote kwa sababu bila hizo hatapata chake. Mwenye kuchapisha fulana ana oda, mwenye spika ana ujumbe wa simu wa maelewano. Na kura zikishahesabiwa, walioshindwa wengi huzima simu. Wadai wao huelekea Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza kesi za hadi shilingi milioni moja. Ipo Kisumu, ipo Nakuru. Faili za kesi hizo ni kumbukumbu za korti, na ndani yake utakuta ankara, tarehe, idadi ya viti na jina la aliyeagiza, vyote vimewekwa na mtu anayetaka kuaminiwa na hakimu. Sijui mahali pengine ambapo mkaguzi hupewa ushahidi safi namna hiyo bila kuomba.

Hapo sasa akaunti zina maana, kwa sababu unajua unachotafuta: malipo fulani, tarehe fulani, kwa mtu fulani. Ili kufungua akaunti ya benki kisheria, mpelelezi huomba kibali cha korti chini ya kifungu cha 180 cha Sheria ya Ushahidi. Usimwombe rafiki yako wa benki akuchungulizie. Utapata ukweli usioweza kuutumia, na unaweza kuishia wewe kuwa mshtakiwa. Taarifa ya M-Pesa iliyochapishwa, picha ya simu, video ya mkutano, vyote ni ushahidi wa kielektroniki, na kifungu cha 106B kinataka cheti kinachoeleza kifaa gani kilitumika na nani alikuwa na mamlaka juu yake. Mapema katika kazi hii niliwahi kupeleka faili nene, picha zaidi ya mia moja, kila tenti na kila gari. Ikarudi. Hakukuwa na cheti hata kimoja, na sehemu ya picha nilikuwa nimetumiwa na watu wa mtaani nisioweza kuwataja kama mashahidi. Miezi ya kazi ikapotea kwa karatasi ya ukurasa mmoja. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika daftarini palepale uwanjani: saa, mahali, simu iliyopiga picha, na nani alikuwa kando yangu.

Huenda unajiuliza, kama viwango havipo, kazi hii inafanywa chini ya sheria gani? Zipo mbili zinazofanya kazi leo. Moja ni Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016. Kutoa hongo kwa mpiga kura ni kosa, na kifungu cha 14 kinakataza kutumia mali ya umma kwa kampeni. Gari la kaunti likionekana limebeba spika, huna haja ya kikomo chochote cha matumizi.

Ya pili ni Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, na hapa ndipo mhasibu kama wewe ana kazi ya mwaka mzima, si ya msimu. Chama kinatakiwa kuchapisha vyanzo vya pesa zake ndani ya siku 90 baada ya mwaka wa fedha kwisha, na hesabu zake hukaguliwa na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Mtu au kampuni hairuhusiwi kukichangia chama kwa mwaka mmoja zaidi ya asilimia 5 ya matumizi ya chama hicho, kwa kipimo cha hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Kwa hiyo chama kilichotumia milioni 40 mwaka jana hakiwezi kupokea zaidi ya milioni 2 kutoka kwa mfadhili mmoja mwaka huu, awe ametoa pesa au magari. Angalia ujanja uliomo: mfadhili mmoja huweza kujigawa kwa kampuni nne. Utazikamata kwa kulinganisha wakurugenzi na wenye hisa katika rekodi za Msajili wa Kampuni, kazi ya kuchosha macho lakini yenye matunda. Na vyama vinavyopata mgao wa Hazina ya Vyama vya Siasa lazima vitumie angalau asilimia 30 ya mgao huo kuinua wanawake, vijana, watu wenye ulemavu na makundi mengine yaliyoachwa nyuma. Ukikagua, usiridhike na jina la semina. Omba orodha ya waliohudhuria, upige simu chache.

Kuhusu washawishi wa bungeni, jibu ni fupi: Kenya haina sheria ya kuwaandikisha. Tunayo haki ya raia kupeleka ombi Bungeni, tunao wajibu wa Bunge kusikiza umma, na tangu 2025 tunayo Sheria ya Mgongano wa Maslahi inayosimamiwa na EACC, tume ya maadili na kupambana na ufisadi. Zote zinamtazama mwenye cheo. Hakuna inayomwambia anayemwendea mwenye cheo ataje nani amemtuma na kwa malipo gani.

Marekani hulazimisha hilo tangu 1995, na washawishi huwasilisha taarifa kila robo mwaka. Wanayo sheria kongwe zaidi, ya 1938, kwa wanaofanya kazi kwa niaba ya serikali za nje, na faili zake ziko wazi mtandaoni katika Wizara ya Haki. Jambo linalonikera ni hili: ukiwa Kakamega unaweza kusoma huko mikataba ambayo serikali yetu wenyewe imesaini na kampuni za ushawishi za Washington, pamoja na malipo, lakini huwezi kusoma hata karatasi moja kuhusu nani alimshawishi mbunge wako juu ya mswada wa sukari. Wakulima wa miwa wa Mumias na Nzoia wana haki ya kujua hilo. Sisemi kwamba Wamarekani wamekamilika. Tume yao ya uchaguzi ya taifa ina nafasi 6 za makamishna, chama kimoja hakiruhusiwi kuzidi 3, na hatua yoyote ya adhabu inahitaji kura 4, kwa hiyo kesi zenye ubishi huweza kukwama tatu kwa tatu. Bali wachambuzi wao wa kawaida hufanya kazi nzuri kimyakimya: husoma taarifa, hukuta jumla isiyolingana, huandika barua ya kuomba maelezo. Sehemu kubwa ya makosa hurekebishwa hapo bila korti. Barua iliyoandikwa vizuri, yenye tarehe ya mwisho na kiambatisho sahihi, ni silaha ambayo hata sisi tunayo na hatuitumii vya kutosha.

Kuhusu kuingia kazini, nafasi hutangazwa na IEBC, Ofisi ya Msajili wa Vyama, Ofisi ya Mkaguzi Mkuu na EACC. CPA yako inatosha kuanza. Ongeza mafunzo ya uchunguzi wa ulaghai ukiweza, na ujizoeze kuandika ripoti ambayo hakimu asiye mhasibu ataielewa akiisoma mara moja. Anza leo kwa kusoma ripoti za Mkaguzi Mkuu kuhusu chama kimoja, za miaka mitatu mfululizo, uone hoja gani hurudi kila mwaka.

Na kabla hujatuma barua ya maombi, ingia eCitizen, kwenye huduma ya Msajili wa Vyama, utazame kama jina lako limeandikishwa katika chama. Kuelekea 2022 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama wasivyowahi kuvisikia. Ukijikuta humo, jiuzulu hapo hapo, upakue uthibitisho wenye tarehe na uuhifadhi pamoja na vyeti vyako. Siku utakapotia sahihi ripoti yako ya kwanza, wakili wa upande wa pili atalitafuta jina lako katika orodha hiyo kabla hajasoma hesabu yako.