Mama anasafiri, mtoto bado ananyonya: majibu ya maswali yenu

Maswali mliyonitumia mara hii karibu yote yanafanana, kina mama wa Arusha na Moshi wana safari ya siku mbili tatu na mtoto wa mwaka na kitu bado ananyonya, wengine mpaka wanataka kughairi. Nimeyafupisha, najibu moja moja.

Mwanangu ana mwaka na miezi minne, naenda Dar kwenye semina siku nne na basi linatoka Arusha alfajiri. Mama anasema niondoke akiwa amelala asinione, maana atalia sana. Ni sawa?

Mdogo wangu usimtoroke, nakuomba. Najua wengi tumelelewa hivyo, mama anapitia mlango wa uani na mtoto anapewa kitu cha kuchezea, lakini mtoto wa umri huo hajui siku nne ni nini ila anajua vizuri mama alikuwepo na sasa hayupo na hakuna aliyemwambia.

Mimi wa kwanza wangu nilimtoroka akiwa na mwaka na nusu, tulikuwa tunakaa Pasua pale Moshi, nikapata msiba Dodoma, nikatoka saa kumi na moja alfajiri viatu nimeshika mkononi. Dada niliyemuachia akaja kunisimulia baadaye, mtoto aliamka akaenda nyuma ya mlango wa chumbani maana ndo huwa tunachezea kujificha pale, akachungulia, akainama chini ya kitanda, akarudi tena mlangoni, hivyo hivyo mpaka kama saa nne asubuhi na wala hakulia. Kulia alianza niliporudi. Wiki mbili nzima nikivaa viatu tu hata vya kwenda kutupa taka anang'ang'ania gauni anatetemeka. Wa pili nilimuaga, akalia hasa, nikaondoka na kilio chake masikioni mpaka stendi, nikapiga simu naambiwa ameshanyamaza anakula ndizi. Niliporudi alinikimbilia tu, hamna cha zaidi.

Kwahiyo anza kumwambia siku mbili kabla, kwa maneno machache yale yale, mama anaenda, utabaki na bibi, mama anarudi. Alfajiri hiyo mwamshe kidogo, mnyonyeshe, muage, mkabidhi mikononi mwa mtu, usimuache amesimama chini, halafu toka na usirudi rudi kumbembeleza maana kila ukirudi unamuanzishia upya. Na ile khanga uliyolalia iache bila kuifua, usiku watamfunika nayo.

Siku tatu bila kunyonyesha maziwa si yatakauka?

Hayakauki. Kwa mtoto mkubwa maziwa yameshazoea, mwili unatengeneza kwa kadiri yanavyotolewa, ukikaa siku tatu unakamua kidogo kidogo yanaweza kupungua lakini mtoto akirudi kunyonya yanapanda tena ndani ya siku chache. Ila usikae siku zote tatu bila kukamua kabisa, sio kwa ajili ya maziwa, ni kwa ajili yako.

Arusha mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 600, saa kumi hivi kwenye basi, na mimi maziwa yakijaa yanauma balaa. Nitakamulia wapi?

Mnyonyeshe dakika ya mwisho kabisa kabla ya kutoka. Omba siti ya dirishani, beba khanga kubwa, kikombe cha plastiki chenye mdomo mpana na kitambaa. Basi likisimama kula, mara nyingi ni huko Mombo au Korogwe, usianze na chipsi, anza na maziwa. Na kama umezidiwa kabla ya hapo jifunike ukamue humo humo ndani ya basi, mama wa siti ya pili atakuelewa kuliko unavyofikiria, wengi wameshapita huko.

Kukamua kwa mkono kuna namna yake na wengi wanakosea wanavuta chuchu. Dole gumba juu, vidole viwili chini, nyuma ya chuchu kama sentimita 2 au 3, unasukuma kwanza ndani kuelekea kifuani halafu unabana, unaachia, unarudia. Vidole visiteleze juu ya ngozi, vitakuchubua. Mwanzoni hayatoki kitu, dakika moja mbili, usikate tamaa, yatakuja yenyewe. Ukiangalia picha ya mtoto kwenye simu yanakuja haraka zaidi, hilo nimelijaribu mwenyewe. Kamua mpaka upate nafuu tu. Baadaye kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kinatuliza.

Kama unataka kuyahifadhi, kwenye joto la kawaida la chumba usipitishe muda wa saa 4, kwenye kibegi cha barafu yanakaa mpaka saa 24, na kwenye friji mpaka siku 4. Huna barafu, yamwage. Yanauma kuyaona yanamwagika najua, lakini mtoto wa mwaka na zaidi ana chakula na hatakufa njaa, na wewe ukiacha yajae unaweza kupata uvimbe wa titi. Ukiona sehemu imekuwa ngumu, ina joto, nyekundu, na unapata homa na baridi kama ya malaria, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kurudi nyumbani. Na usiache kuyatoa wakati unasubiri matibabu.

Nimeambiwa nikikaa mbali siku mbili maziwa yanachacha ndani ya titi na mtoto akiyanyonya ataharisha. Niyamwage kwanza nikifika?

Hapana dada. Maziwa hayachachi ndani ya titi, hayajakaa kwenye chupa hayo, yako ndani ya mwili ulio hai. Yanaweza kubadilika ladha, titi likiwa limevimba yanakuwa na chumvi chumvi na mtoto anaweza kukunja uso, basi. Nawa mikono, futa vumbi la safari, mpe. Mtoto akiharisha ukiwa haupo angalia kwanza maji na vikombe alivyotumia.

Mama mkwe anasema nitumie hii safari kumwachisha kabisa, nikirudi nipake shubiri. Mtoto ana mwaka na miezi mitatu.

Mwambie kwa heshima kwamba bado. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye mpaka miaka 2 au zaidi pamoja na chakula, na hilo hilo ndilo tunaloambiwa kliniki. Lakini hata kama ungekuwa umeamua kumwachisha, nisingekushauri uifanye na safari, maana mtoto anapoteza mama na ziwa siku moja, halafu mama anarudi na ziwa ni chungu. Hebu fikiria kutoka upande wake. Ukitaka kuachisha achisha ukiwa nyumbani, punguza nyonyesho moja kila baada ya siku kadhaa, la mchana kwanza, la usiku mwisho. Hata matiti yako yatakushukuru.

Mke wangu anasafiri siku tano, nabaki na binti wa mwaka na miezi minane, huku Sakina, Arusha. Mchana namuweza, usiku ndio naogopa.

Kaka umenifurahisha sana, wababa wengi wanampeleka mtoto kwa bibi Kibosho na kazi imeisha. Anza sasa hivi kabla mama hajaondoka, siku nne tano wewe ndo umlaze, mama akae chumba kingine, ili usiku wa kwanza usiwe mgeni kwake. Akiamka usiku usiwashe taa, mbebe mgongoni au kifuani, tembea nae, mpe maji kwenye kikombe, mwambie mama anarudi. Atalia, na usiku wa kwanza na wa pili ni mgumu, wa tatu mara nyingi unapungua. Mchana mpe mtori, uji wa lishe, parachichi, mayai, na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, kama nusu lita kwa siku inatosha, ukizidisha atashiba maziwa na kukataa chakula. Mpe kwa kikombe, usimuanzishie chupa saa hizi. Simu ya video ijaribu mara moja, kama akimuona mama ndo analia zaidi basi ongeeni wenyewe yeye akiwa amelala.

Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo ya wageni mlima Kilimanjaro, nimepata safari ya njia ya Machame siku 6, ndio kazi yangu ya kwanza tangu nijifungue mwaka jana. Nafanyaje na maziwa?

Hongera kwa kurudi kazini, mwenzangu. Huko hamna friji wala wa kumpa, kwahiyo ni kukamua na kumwaga, asubuhi kabla ya kubeba na jioni mkifika kambini, ukiwa na nguo kavu umejifunika vizuri. Angalia mikanda ya begi, ule unaopita kifuani ukikaza unabana titi na maziwa yanaziba pale pale, ulegeze au uushushe. Kunywa uji na maji ya kutosha. Na kichwa kikiuma ukapata homa na uchovu usikimbilie kusema ni ugonjwa wa mwinuko tu, jiguse matiti, kama kuna gumu lenye joto mwambie kiongozi wenu wa msafara mapema, ushushwe ukatibiwe.

Naweza kumuomba bosi niende na mtoto na dada kwenye semina?

Muombe, kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, kwahiyo hauombi kitu cha ajabu. Nauli ya dada na chumba utalipa mwenyewe mara nyingi, piga hesabu kwanza.

Nimerudi jana jioni, mtoto amenigeuzia mgongo anamng'ang'ania bibi yake. Nimelia usiku kucha.

Pole sana mama. Usimnyang'anye kwa bibi. Kaa chini, kwenye mkeka kabisa, usimuite, usimvute, menya chungwa au fanya kitu chochote pale pale karibu yake. Atakuja kwa mgongo, anajisogeza kidogo kidogo kama hakuoni, halafu ataegemea. Wengine inachukua dakika kumi, wengine siku mbili. Akikuegemea usizungumze sana, legeza tu khanga.