NAS ya diski mbili imejaa: badilisha diski kwanza, kasha lisubiri

Ndugu mleta mada, umesema kuwa NAS yako (kasha la kuhifadhi data kupitia mtandao wa nyumbani), Synology DS220j yenye diski mbili za 4TB katika RAID 1 (kila diski ni nakala ya mwenzake), imefika asilimia 93, kwamba imebeba picha za familia pamoja na video za harusi unazorekodi kwa ajili ya wateja, na umeomba ushauri kama ununue kasha jipya la diski nne au ubadilishe diski tu. Nimeishi na makasha ya aina hii nyumbani kwangu Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, kwanza la diski mbili na baadaye la diski nne, na kwa hali uliyoieleza ningekushauri usinunue kasha kwa sasa. Nunua diski mbili za 8TB, zile za 4TB zikitoka zigeuke kuwa bakapu, na fedha itakayobaki iende kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme).

Nimeanza na bakapu kwa sababu uliandika kwamba huna, ukitegemea kuwa diski ni mbili. RAID 1 inakulinda dhidi ya kifo cha diski moja, basi. Faili likifutwa kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote mbili papo hapo, na likifungwa na wahalifu wa mtandaoni linafungwa kote. Aprili 2021 watumiaji wengi wa NAS za QNAP walikuta mafaili yao yamefungwa na Qlocker, programu ya kudai fidia, Januari 2022 ikafuata DeadBolt, na Juni 2021 watu waliokuwa na WD My Book Live walikuta vifaa vyao vimefutwa data yote vikiwa vimeunganishwa kwenye intaneti. Waliokuwa na diski mbili hawakupona kwa sababu ya diski mbili. Kwa hiyo, kama umefungua pothi yoyote (mlango wa kuingilia kutoka intaneti) kwenye ruta ili uione NAS yako ukiwa safarini, ifunge leo, kisha utumie VPN au Tailscale (njia ya siri ya kuifikia bila kufungua pothi).

Sasa kuhusu kazi yenyewe ya kubadilisha, ambayo watu wengi huiharakisha. Kabla ya kugusa diski yoyote ndani ya kasha, chukua moja kati ya diski mpya, ichomeke kwa kifaa cha USB 3 nyuma ya NAS, na utumie Hyper Backup, programu ya bakapu ya Synology, kunakili kila kitu. Kwa data ya takribani 3.4TB tegemea usiku mzima au zaidi, hasa kama una maelfu ya picha ndogo ndogo. Hapo unapata faida mbili: una bakapu ya muda, na diski hiyo mpya imeandikwa kwa wingi mapema, kwa hiyo kama ina kasoro itajionyesha ukiwa bado na risiti mkononi. Baada ya hapo zima kasha, toa diski moja ya zamani, weka ile 8TB nyingine, washa, na uanzishe ukarabati (kunakili data kwenye diski mpya) kupitia Storage Manager. Kasha litapiga mlio wa onyo litakapokuta RAID imepungukiwa. Usiogope, zima mlio uendelee. Kusawazisha 4TB huchukua kama saa nane hadi kumi ikiwa hukitesi kifaa kwa kazi nyingine.

Diski ya zamani uliyoitoa usiiguse. Hiyo ni nakala kamili ya data yako kama ilivyokuwa dakika ulipozima, na ndiyo kinga yako wakati bakapu ya muda itakapofutwa ili diski yake iingie ndani kama ya pili. Usiifute mpaka ukarabati wa pili umalizike, nafasi imepanuka, na umefungua mafaili kadhaa makubwa kuthibitisha kwamba yanacheza hadi mwisho. Utakachokiona baada ya hapo ni takribani 7.3 badala ya 8, kwa sababu watengenezaji huhesabu kwa elfu na mfumo unahesabu kwa 1024, hakuna aliyekuibia.

Zile mbili za 4TB sasa zitumike kwa zamu, moja nyumbani na nyingine kwa ndugu au mzazi anayekaa mtaa tofauti, mkibadilishana kila mnapotembeleana. Data ikizidi ukubwa wake, picha za familia na video zilizohaririwa zitangulie. Mikanda ghafi ya harusi ambayo mteja alishakabidhiwa inaweza kuachwa nje ya bakapu, mradi mkataba wako na wateja unasema hivyo.

Katika kuchagua diski, jambo la kwanza ni CMR dhidi ya SMR, yaani namna diski inavyoandika data. Diski ya SMR huandika njia za data zikilaliana (za CMR hazilaliani), hivyo maandishi ya mfululizo mrefu kama ukarabati wa RAID huilemea na inaweza kusuasua kwa siku nzima au kuondolewa kabisa na mfumo. Mwaka 2020 ilijulikana kwamba WD Red za 2TB hadi 6TB zilikuwa SMR bila mnunuzi kuelezwa, na tangu hapo kampuni ikatenganisha: Red Plus na Red Pro ni CMR. Seagate IronWolf nazo ni CMR. Barracuda za kompyuta ya mezani nyingi ni SMR, kwa hiyo bei yake ndogo isikushawishi.

Jambo la pili ni diski zilizotumika zinazouzwa kama mpya. Niliwahi kuuziwa moja katika duka fulani mjini, ikiwa kwenye mfuko wake uliozibwa vizuri, lakini SMART (rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea) namba 9, ya saa za kuwaka, ilionyesha imekwisha kuwaka zaidi ya saa elfu ishirini. Siku hizi hata namba hiyo haitoshi, kwani mwanzoni mwa 2025 ilibainika barani Ulaya kwamba diski za Seagate zilizotumika ziliuzwa huku saa zake za SMART zikiwa zimerudishwa sifuri, na kilichofichua ni kumbukumbu ya ndani iitwayo FARM. Ukiwa na kompyuta ya Linux, amri ya smartctl katika matoleo mapya inaisoma. Linganisha saa za SMART na za FARM. Zikitofautiana sana, irudishe.

UPS si anasa kwetu, hasa msimu wa mvua. Kinachoumiza ni umeme kukatika katikati ya kuandika, kisha kurudi kwa kishindo. Tafuta yenye tundu la USB la data, kwa sababu nyingi za bei rahisi hazina, kisha iunganishe na NAS ili ijizime yenyewe kwa utaratibu. DS220j hula kama wati 12 tu, hivyo hata UPS ndogo inatosha. Na kasha lisifungiwe kwenye kabati la televisheni pamoja na king'amuzi na ruta; joto la diski libaki chini ya nyuzi 45.

Kasha la diski nne litakuwa na maana siku data yako itakapokaribia 7TB, au utakapotaka kuhariri video moja kwa moja kutoka kwenye NAS. Kumbuka tu kwamba kasi haitoki kwenye wingi wa diski: pothi ya mtandao ya gigabiti moja huishia kama MB 110 kwa sekunde, hivyo utahitaji kasha, swichi na kompyuta vyenye gigabiti 2.5. Ukitumia SHR (RAID ya Synology inayochanganya diski za ukubwa tofauti), diski mbili za 8TB na mbili za 4TB zitakupa 16TB, wakati RAID 5 ya kawaida ingekupa 12TB. Unaweza kuhamisha diski zako kwenda kasha jipya la Synology bila kufuta, ila zitahama na mfumo wake wa mafaili wa ext4. Ukitaka mfumo wa Btrfs na picha zake za papo kwa papo (snapshot) za kurejesha mafaili, itakubidi uunde upya na kurudisha kutoka bakapu. Sharti la diski zilizoidhinishwa, ambalo Synology waliliweka kwa makasha ya Plus ya 2025, lililegezwa na DSM 7.3 (toleo la mfumo endeshi wa Synology) Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo hilo lisikuzuie.

Ukishanunua diski, weka hapa mistari ya SMART namba 5, 9, 197 na 198 ya zote nne, za zamani na mpya, tuziangalie kabla hujaanza kutoa chochote.