Waulize Mafundi: Turbo imeingia, sailensa imegoma

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nimetoa injini ya 3S-FE isiyo na turbo kwenye Corona yangu, nikafunga 3S-GTE yenye turbo iliyotoka kwenye Celica GT-Four ST185, pamoja na kontroli boksi yake (kompyuta ya injini), waya zake na sensa yake ya hewa. Asubuhi inawaka bila shida. Ikishapata moto sailensa (mizunguko ya injini bila kukanyaga mafuta) inapanda mpaka 1,500 kwa dakika, inashuka nusura izime, inapanda tena, na haikomi. Ikitulia kidogo inatetemeka mpaka usukani. Fundi ameshazungusha distribyuta mara kadhaa, lakini taa ya taimingi (wakati plagi inapowasha) leo inasoma digrii 15, kesho 8. Sasa nikiachia mafuta ekzosi inapiga risasi. Tuiweke digrii ngapi? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ni digrii 10 kabla pistoni ya silinda namba 1 haijafika juu, injini ikiwa ya moto na sailensa ikiwa karibu 800. Ila ukipima bila kuunganisha TE1 na E1, pini mbili za boksi la kupimia makosa, unajisumbua bure. Kwenye sailensa, kontroli boksi hiyo inasogeza taimingi yenyewe kila sekunde ili injini isizime, na ndiyo maana mnaona 15 leo na 8 kesho. Mkizungusha distribyuta hapo, mnafukuzana na kompyuta.

Kwa hiyo iacheni distribyuta kwanza. Fungua boksi dogo la plastiki lililoandikwa DIAGNOSIS, tafuta TE1 na E1 kwenye mchoro ulio ndani ya kifuniko, kisha uziunganishe kwa kipande cha waya. Washa switchi bila kuwasha injini, uangalie taa ya cheki injini. Ikimeta haraka haraka bila kupumzika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia, ikameta mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 31 ni sensa ya hewa, 41 ni sensa ya throto (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta), 52 ni sensa ya noki (mchanganyiko kulipuka wenyewe vibaya ndani ya silinda). Malizeni makosa hayo kabla ya kushika spana. Kwenye injini za kubadilisha, 22 na 52 hutokana na soketi iliyosahauliwa mara nyingi kuliko sensa iliyokufa.

Sasa huko kupanda na kushuka. Mwendo wenye mpigo wa namna hiyo si taimingi. Throto ikiwa imefungwa na mizunguko iko juu, kontroli boksi inadhani gari linateremka mlima likiwa kwenye gia, inakata mafuta. Mizunguko inaanguka, inarudisha mafuta, injini inaruka juu, inakata tena. Swali la kujiuliza ni hewa inayoifikisha injini 1,500 inatoka wapi wakati throto imefungwa.

Kwenye ST185 sensa ya hewa ni ile ya kibao, na imekaa kabla ya turbo. Hewa yoyote inayoingia baada ya hapo haijahesabiwa: mpira wa turbo uliopasuka, kibano cha intakula (kipoza hewa ya turbo) kisichokazwa, gasketi ya manifoldi, mpira mdogo wa vakyumu ulioachwa wazi kwa sababu gari la zamani halikuwa na mwenzake. Mpira ulio kati ya turbo na throto ukipasuka, kwenye sailensa unaweza kuvuta hewa na mchanganyiko ukakosa mafuta, na ukikanyaga unatapika hewa iliyokwisha kuhesabiwa, moshi mweusi unatoka. Fundi anayeona moshi mweusi anapunguza mafuta, na sailensa inazidi kuharibika.

Kipimo cha haraka ni mfuniko wa oili. Injini ikiunguruma, ufungue. Kwenye sensa ya kibao, sailensa lazima ibadilike sana, hata injini izime. Isipobadilika, kuna tundu jingine kubwa ambalo tayari linaingiza hewa. Kulipata, toa mpira kwenye sensa, ziba mdomo unaoelekea turbo kwa kifuniko cha bomba la PVC chenye valvu ya tairi, ujaze upepo wa psi 8 hadi 10, usizidishe, kisha upake maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Wapo wanaopulizia petroli au kisafisha kabureta na kusikiliza injini inavyobadilika. Kwenye turbo yenye moto, huko ni kutafuta gari liungue.

Kama mmefunga valvu ya kutoa presha inayopiga mlio nje, iangalieni pia. Springi yake ikiwa laini, vakyumu ya sailensa inaifungua kidogo na inavuta hewa kutoka nje. Hata ikiwa nzima, kwa sensa ya kibao inatupa hewa iliyokwisha kupimwa kila unapoachia mafuta, mchanganyiko unajaa petroli, na hizo risasi za ekzosi zinaweza kuwa zinatoka hapo. Irudisheni hewa hiyo kwenye mpira ulio kati ya sensa na turbo. Mlio utakosekana, ndiyo.

Baada ya hewa, angalieni skrubu ya kuzuia throto. Katika kuhangaika, kuna mtu huipandisha ili gari lisizime, au waya wa mafuta unafungwa umevutika. Waya uwe na ulegevu kidogo. Multimita kati ya pini za IDL na E2 kwenye sensa ya throto ionyeshe mawasiliano throto ikiwa imefungwa, na yakatike mara tu unapoigusa. IDL isiposhika, hata ukiunganisha TE1 na E1 taimingi haitafunga kwenye 10, na taa itaendelea kuwadanganya.

Kwa kuwa tatizo linaanza ikishapata moto, pimeni sensa ya joto la maji, ile ya kontroli boksi yenye waya mbili, si ile ya geji. Kwenye nyuzi 20 iwe kati ya kilo-ohmu 2 na 3, kwenye 80 kati ya ohmu 200 na 400. Toeni pia upepo kwenye mfumo wa maji. Ukibadilisha injini, upepo hujificha kwenye mipira ya hita, na valvu ya sailensa iliyo chini ya throto inapitiwa na maji hayohayo. Ikiwa imejaa masizi, isafisheni mpaka izunguke bila kukwama.

Mtetemo ni jambo jingine, na hapo ndipo moto wa plagi unapoingia. Plagi za turbo hii ziwe na mwanya wa milimita 0.8. Zile za 1.1 zinakwenda kwenye sailensa lakini moto unazimika presha ikipanda. Kila waya wa plagi usizidi kilo-ohmu 25. Mpangilio ni 1-3-4-2, namba 1 ikiwa upande wa mkanda wa taimingi. Halafu erthi: waya za erthi za kontroli boksi hufungwa kwenye manifoldi ya hewa, na zikifungwa juu ya rangi au kutu, sensa zote zinasoma uongo kidogo. Weka multimita kati ya bloku na terminali hasi ya betri huku mwenzako anapiga stata. Ikizidi volti 0.2, kwangua na ukaze upya.

Hapo sasa shika taa. Injini ya moto, AC na feni vimezimwa, TE1 na E1 zimeunganishwa, kibano cha taa kwenye waya namba 1. Legeza boliti za distribyuta, sogeza kidogo sana, kwa sababu inazunguka nusu ya mwendo wa krenkshafti: digrii 1 ya mwili wake ni 2 kwenye puli ya krenki. Alama ikitulia kwenye 10, kaza, pima tena, toa kiunganishi. Taimingi ikipanda juu ya 10 na kuchezacheza, ni sawa.

Alama ikirukaruka hata mkiwa mmeunganisha, fuateni waya za sensa zilizomo ndani ya distribyuta. Chanya na hasi zikigeuzwa wakati wa kuunga waya, kontroli boksi inasoma ukingo usio sahihi wa wimbi, na taimingi inahama kadiri mizunguko inavyopanda. Na kama nafasi ya boliti imeisha kabla ya kufika 10, fungueni kava la mkanda, kuna jino limerukwa. Kabla ya hapo hakikisheni puli yenyewe haidanganyi: mpira wake ukichoka, pete ya nje huteleza na alama yake. Ingizeni kijiti cha mbao kwenye tundu la plagi namba 1, zungusheni krenki kwa mkono, muone kama pistoni iko juu alama inaposoma sifuri.

SWALI: Nimeweka EJ20 turbo ya Forester kwenye Impreza isiyo na turbo. Inamisi. Taimingi inarekebishwa wapi? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Hakuna pa kuzungusha. Kontroli boksi inasoma sensa ya krenki na ya kamu, basi. Angalia gia ya krenki: EJ za zamani zina meno 6, za baadaye zina mpangilio wa meno 36 ambayo baadhi yameondolewa. Gia ya kizazi kimoja na kontroli boksi ya kingine haviendi pamoja. Gia zikilingana, hakiki alama za mkanda kwenye kamu zote nne. Mwisho, waya za koili: mpangilio wa Subaru ni 1-3-2-4, si 1-3-4-2 wa Toyota, na fundi wa Toyota hukosea hapo bila kujua.

SWALI: Nikiongeza taimingi ya 3S-GTE mpaka digrii 14, itapata nguvu zaidi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Itapata noki. Injini hiyo ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani isiyopungua 96. Ukijaza pungufu ya hapo, sensa ya noki inairudisha taimingi nyuma yenyewe, unapoteza nguvu ulizotafuta, na kama sensa hiyo ni ile yenye kosa 52, kontroli boksi haiwezi kuisikia noki. Iache 10.