Kilele kimetoweka? Huenda bondi imelala tu

Umeuliza kwa nini, kwenye spektra ya infraredi (mchoro wa jinsi molekuli zinavyofyonza mwanga usioonekana), kilele cha bondi ya kaboni na oksijeni, kile cha karibu sm⁻¹ 1700, kinaonekana vizuri kwenye sampuli ya unga lakini kinatoweka ukishapaka molekuli juu ya dhahabu. Usiitupe sampuli kwanza. Bondi inapotetemeka huwa dipoli, yaani jozi ya chaji chanya na hasi, na elektroni za metali huunda taswira yake kama kioo: dipoli iliyolala sambamba na uso hufutwa na taswira yake, iliyosimama wima huongezewa nguvu. Kama vilele vingine vya molekuli bado vipo, bondi yako huenda iko palepale, ila imelala.

Pima kwa infraredi inayoparaza uso, nyuzi 80 hivi kutoka mstari wima kwa uso, yenye polaraizesheni ya p, yaani uga wa umeme wa mwanga ukiwa karibu wima kwa uso. Ile ya s, ambayo uga wake uko sambamba na uso, haioni molekuli hizo. Mimi huitumia hiyo ya s kuondoa alama za mvuke wa maji, ambao unaudhi kweli.

Kisha chukua vilele viwili vyenye dipoli za mielekeo tofauti, ulinganishe uwiano wao kwenye unga na kwenye dhahabu; tofauti hiyo ndiyo hukupa pembe ya molekuli kwenye uso. Usitegemee kilele kimoja, maana kinaweza kushuka kwa sababu tu molekuli ni chache. Na pembe utakayopata ni wastani: nusu ya molekuli zikisimama na nusu zikilala, utasoma mshazari ambao haupo.