Jibu: Samaki wa kwenye chupa na historia ya zebaki ziwani

Ndugu mwanafunzi, nimekuelewa: umeonyeshwa sangara wa Ziwa Victoria waliotiwa formalini (dawa ya kuzuia kuoza) miaka ya 1970 na kuwekwa kwenye chupa za alkoholi, nawe unataka kujua kama wanaweza kuonyesha jinsi zebaki ilivyobadilika ziwani. Wanaweza, kwa kuwa zebaki hushikamana na protini za mnofu. Viuatilifu (dawa za kuua wadudu) kama DDT ni habari nyingine, kwani hukaa kwenye mafuta, na mafuta huyeyukia katika alkoholi ya chupa.

Kabla ya kukata chochote, omba ruhusa ya maandishi kwa mtunzaji wa samaki hao, kisha soma kibandiko: mahali, tarehe, dawa iliyotumika. Linganisha samaki wenye urefu unaokaribiana, maana sangara mkubwa hubeba zebaki nyingi hata kama ziwa halijabadilika. Mimi nililipuuza hilo, nikarudia kazi ya miezi. Kata kipande kidogo cha mnofu chini ya pezi la mgongo, upande wa kulia, ili wa kushoto ubaki mzima kwa watafiti wengine, na utoe matokeo kwa uzito mkavu, yaani wa kipande kilichokaushwa. Pima pia kimiminika cha chupa, uone kama kuna zebaki iliyovujia humo.

Formalini hudhuru macho na mapafu na inaweza kusababisha saratani, kwa hiyo usifungue chupa hizo peke yako, bali pamoja na fundi wa maabara mwenye chumba cha kufyonzea hewa.