Feni zinazunguka, skrini nyeusi: kagua kwanza waya za umeme

Mtu ameunda kompyuta ya mezani, amebonyeza swichi, feni zote zinazunguka na taa zinawaka, lakini skrini haionyeshi kitu. Kabla hajaanza kuilaumu RAM (kumbukumbu ya muda), mwambie aangalie kona ya juu kushoto ya madabodi, yaani bodi kuu, karibu na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Pale kuna soketi ndogo ya pini nane. Mara nyingi sana utaikuta tupu.

Mimi nawaundia watu mashine hapa Dar, za gemu na za kazi, nyingi kwa vifaa vya Kariakoo, na hili ndilo tatizo ninaloletewa kuliko yote. Kuna dogo alikuja na kesi yake (boksi la kompyuta) kwenye bodaboda, kaikumbatia. "Kaka, fundi kasema bodi imekufa, ninunue nyingine." Nikafungua ubavu wa nyuma. Waya wa prosesa ulikuwa umekunjwa na kubanwa kwa zipu ya plastiki pamoja na waya zisizotumika. Aliyeiunda alikwisha kaza skrubu za bodi ndipo akaona waya haufiki, akauacha. Nikalegeza skrubu, nikaupitisha nyuma ya bodi hadi tundu la juu, ukafika bila shida. Kompyuta ikawaka. Kwa hiyo waya huo upitishe mapema, kabla hujafunga bodi ndani ya kesi, maana baadaye vidole havipenyi kati ya feni ya kesi na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa).

Kwa nini feni zizunguke wakati prosesa haina umeme? Kwa sababu plagi kubwa ya pini 24 ndiyo inayolisha bodi kwa ujumla: RAM, feni, USB na sloti za kadi. Inaleta volti 3.3, volti 5 na volti 12, pamoja na laini ya akiba ya volti 5 ambayo iko hai hata kompyuta ikiwa imezimwa. Taa ya bodi ikiwaka ujue ni hiyo laini ya akiba tu, usiifanye ushahidi kwamba kila kitu kiko sawa. Prosesa ina mlango wake. Zamani ilikula humo humo kwenye plagi kubwa, lakini enzi za Pentium 4, mwaka 2000, prosesa zikawa na njaa kubwa ya umeme, ikaongezwa plagi ya pini nne ya volti 12 peke yake. Mwaka 2003 plagi kubwa nayo ikapanda kutoka pini 20 hadi 24, ndiyo maana pawasaplai nyingi (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) bado zina kipande cha pini nne kinachochomoka pembeni.

Leo ile ya prosesa ni pini nane, na kwa kawaida huja kama vipande viwili vya nne nne. Bodi za bei juu huwa na soketi ya pili hapo jirani. Kwa prosesa ya kawaida moja inatosha, usihangaike kutafuta adapta ya kuijaza.

Sasa njoo kwenye hatari yenyewe. Waya wa kadi ya grafiki (ile inayotengeneza picha za skrini) nao una pini nane, lakini umegawanyika sita na mbili. Kwa mtu mwenye haraka zinafanana. Kwenye waya wa prosesa, volti 12 zimekaa upande wenye kishikizo. Kwenye waya wa kadi, upande huo ni wa hasi. Yaani zimegeuzwa. Ukiulazimisha wa kadi uingie kwenye soketi ya prosesa unakuwa umegonganisha volti 12 na hasi. Pawasaplai nzuri itajizima. Ile ya bei ya kutupwa sikuahidi kitu. Bahati ni kwamba vijumba vya plastiki vina maumbo tofauti, vingine mraba na vingine vimekatwa kona, kwa hiyo plagi isiyo yake inakataa kuingia. Ikikataa, toa mkono na usome maandishi: CPU (wa prosesa) au PCIe (wa kadi). Zamani rangi zilisaidia, njano ni volti 12 na nyeusi ni hasi, lakini siku hizi waya nyingi ni nyeusi tupu kwa ajili ya urembo.

Kadi yenyewe hupata hadi wati 75 kutoka kwenye sloti, plagi ya pini sita inaongeza 75, ya pini nane 150. Kuna vijana wanauziwa adapta za kutoka SATA (plagi ya umeme ya diski) kwenda plagi ya kadi. Hapana. Kichwa cha SATA kimetengenezwa kwa takriban wati 54 kwenye volti 12, nawe unataka kukibebesha 75 au zaidi. Kitayeyuka. Na zile kadi mpya zenye plagi moja ya pini 16, sukuma hadi uone haijaacha nafasi hata kidogo, kwa sababu ikiwa nusu nusu inapata joto kali.

Kama pawasaplai yako ina waya za kuchomoa, usichukue waya wa kampuni nyingine hata kama unaingia vizuri. Upande wa bodi, kwa mashine za kuunda mwenyewe, una kiwango kimoja dunia nzima. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka. SSD (diski za kuhifadhia data) zimeungua hivyo.

Wanaonunua mitumba ya maofisini nao wajue jambo moja. Dell OptiPlex 7020 na 9020 hazina pini 24, zina plagi ya pini nane ya kwao wenyewe, na HP na Lenovo za umri huo nazo zina za kwao. Kabla hujalipia pawasaplai mpya ili uweke kadi ya gemu, fungua kesi upige picha soketi ya bodi, uende nayo dukani. Adapta za kutoka pini 24 kwenda plagi hizo zipo na ni za bei nafuu. Pia geuza pawasaplai uangalie nyuma: ikiwa ina kitufe chekundu cha volti 115 na 230, kiweke 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka hivyo kwenye soketi ya ukutani huku kwetu utasikia mlipuko.

Vile viwaya vyembamba vya swichi na taa za mbele visikutishe. Swichi haina chanya wala hasi, iweke upande wowote. Taa ndiyo ina upande. Ikigoma kuwaka, igeuze.