Usimnyime Mtoto Vitabu vya Watoto Watundu, Soma Naye

Wazazi wenzangu huniuliza kama ni sawa kumpa mtoto vitabu vya kuchekesha vyenye vibonzo, ambavyo mhusika wake mkuu ni mtundu na mbinafsi. Jibu langu ni ndiyo, ila kwa sharti moja: soma naye, na umzoeze kulinganisha maneno na picha.

Chukua mfano wa Diary of a Wimpy Kid cha Jeff Kinney, Mmarekani aliyeanza kukitoa kwenye intaneti mwaka 2004, kabla hakijachapishwa kuwa kitabu mwaka 2007. Msimulizi ni Greg, mvulana anayeandika shajara yake mwenyewe, aliyebanwa kati ya kaka yake Rodrick, anayemwonea, na mdogo wao Manny, anayedekezwa. Kwa kuwa kalamu anayo Greg, maneno yote yanampendelea. Picha ndizo zinazomuumbua, na hapo ndipo kicheko kilipo. Mtoto anayegundua kwamba msimulizi anajipendelea ameanza kusoma kwa akili yake mwenyewe. Kinney aliwafikiria wasomaji watu wazima alipokuwa akikiandika, na nadhani ndiyo maana hakuweka mtu wa kumsahihisha Greg kila ukurasa. Kazi hiyo ameachiwa msomaji.

Nyumbani mimi hutafsiri kwa sauti huku wanangu wakitazama picha. Walipenda zaidi pale Rodrick anapovaa nguo za shule usiku wa manane, akasogeza saa mbele, akamwamsha Greg na kumwambia kwamba amelala likizo nzima na leo ndiyo siku ya kufungua shule. Greg anashuka kula kifungua kinywa, mpaka baba yake anakuja kumgombeza kwa kula saa tisa usiku. Mwanangu mdogo alimgeukia dada yake akasema, "Na wewe usije ukanifanyia hivyo." Yalikuwa yakiwasumbua mengi wakati ule, na kwa sentensi hiyo moja yakaanza kuzungumzwa.

Penye urafiki pana uzito zaidi. Greg anawatisha watoto wa chekechea kwa nyungunyungu aliyetundikwa kwenye kijiti, na kwa sababu amevaa koti la rafiki yake Rowley, lawama zinamwangukia Rowley, anayesimamishwa kazi ya shule ya kuwasindikiza watoto hao, naye Greg ananyamaza. Mzazi hapo hutamani kuhubiri. Mimi nakushauri uulize tu: "Kama Rowley ndiye angeandika, angesemaje?" Binti yangu alichukua daftari, akachora mtoto wa mistari michache, kwani michoro ya kitabu hicho ni myepesi kiasi kwamba mtoto yeyote huthubutu kuiiga, kisha akaandika chini yake: "Nimesimamishwa kazi kwa kosa la koti langu."

Mtoto ambaye bado anaamini kila anachosimuliwa, msubirishe kidogo. Utani unaotegemea maisha ya shule za Marekani ufafanue kwa sentensi moja, au uuruke. Na tafadhali usimwambie mtoto mkubwa, "Unaona, wewe ndiye Rodrick," kwa maana hatakifungua tena kitabu hicho mbele yako. Badala yake, mkifika kwenye maneno yaliyoandikwa juu ya vichwa vya wahusika, mpe mkubwa asome ya mdogo, na mdogo asome ya mkubwa.